Mzee Jayant Alipojifunza Kusali Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu, ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, kisha niende nyuma ya nyumba nikachume maua. Nilikuwa msichana wa Nyakiyumbu niliyezoea kulima mihogo na pamba, na hakuna mtu aliyewahi kunituma maua. Kwetu ua lilikuwa kitu kinachotangulia maharagwe, basi. Aliyenipeleka pale ni Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akivuka mpaka kuja kununua vitambaa Bwera, mji wetu wa mpakani. Alinisifu mlangoni kwa Kiswahili cha kwao: "Huyu mutoto iko muzuri, Mama. Anajua kupika, na hana mudomo mingi." Kisha akaenda zake sokoni, akaniacha na mwajiri wangu mpya, Mama Savita, mke wa Mzee Jayant mwenye duka la nguo.

Nilichuma maua mekundu, na nikiwa narudi nikayanusa kama mtu yeyote angefanya. Mama Savita alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Akatikisa kichwa.

"Hayo sasa ni yako," akasema. "Weka kwa nywele. Chuma mengine, na usinuse."

"Kwa nini, Mama?"

"Ukishanusa, wewe umekula harufu yake. Mungu hapewi mabaki."

Ninawaandikia ninyi mnaoingia leo katika kazi za nyumba za watu, kwa sababu nasikia mkiitaja kama kazi ya kupitisha muda huku mkingojea kitu kingine. Mimi niliifanya mpaka magoti yakakataa, kwanza Bwera kisha Kasese, katika familia moja tu, na ilikuwa na ufundi wake. Wale walikuwa Wahindu wasiokula nyama, samaki wala mayai. Pembeni mwa jiko palikuwa na chumba kidogo, na ndani yake kijumba cha mbao ya kuchonga ambacho wenyewe walikiita mandiri, yaani hekalu la nyumbani. Humo walikaa miungu yao: Ganesh mwenye kichwa cha tembo, na picha ya Lakshmi katika fremu, na Krishna akiwa bado mtoto mchanga anayetambaa, sanamu ya shaba inayotosha kiganjani. Kila asubuhi Mama Savita alimwamsha huyo mtoto, akamwogesha kwa maji na maziwa, akamvika nguo, akampa chakula. Ibada hiyo waliiita puja.

Kazi yangu ilikuwa yote yanayotangulia puja. Nilisugua vyombo vya shaba kwa ndimu na majivu. Nilinunua maziwa kwa wanawake wafugaji wa Kisongora, nikatoa siagi, nikaichemsha polepole mpaka ikawa samli safi, kwa maana taa ya pale, diva, haiwashwi kwa mafuta ya taa bali kwa samli. Nilisokota tambi za pamba, na hapo nilijiona fundi, maana pamba tumelala nayo nyumba moja tangu utotoni. Nilipanga sinia: maua, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, udi, kengele ndogo. Sanamu zenyewe sikuzigusa. Hilo lilikuwa la Mama Savita.

Kilichonitesa mwanzoni ni kupika bila kuonja. Chakula kilitolewa kwanza mbele ya mandiri, na kikishatolewa kiliitwa prasadi, chakula chenye baraka, ndipo watu wakala. Kwa hiyo mpishi haonji hata chumvi. Niliharibu dengu nyingi sana. Siku moja zilikuwa na chumvi kali kama maji ya ziwa la Katwe, na Mama Savita akazila hivyo hivyo, akanywa maji, akaniita.

"Sikiliza sufuria," akasema.

Nilidhani ananitania. Lakini nilivyozidi kukaa pale jikoni, niligundua kwamba mchuzi ukikaribia kuiva hubadilisha sauti ya kuchemka, na chumvi ikitosha mvuke una harufu nyingine. Kiganja nacho kikajifunza kupima. Ukinipa sufuria leo nitapika gizani.

Mzee Jayant mwenyewe tulimwona kidogo. Alikuwa mtu wa kitambaa. Akigusa shati lako kwa vidole viwili angekuambia limetoka wapi na litapauka lini. Asubuhi alisimama kwenye mlango wa chumba cha ibada na funguo za duka mkononi, akainamisha kichwa, akapokea prasadi yake, akaondoka. Ndivyo wanaume wengi wa nyumba zile walivyofanya. Mke ndiye aliyesali kwa niaba ya wote.

Vita vya waasi milimani vilipozidi na milio ya risasi ikaanza kufika Bwera, Mzee aliamua kuhamia Kasese. Vitu vilipakiwa kwenye lori, lakini Mama Savita alikataa miungu ipande nyuma pamoja na magodoro. Aliweka sanduku lao mapajani akakaa mbele, mimi ubavuni mwake. Njiani wanajeshi wakatusimamisha.

"Shuka! Hii sanduku iko na nini?"

"Vitu vya sala, afande," nikasema.

"Fungua!"

Mama Savita akafungua. Yule mwanajeshi aliinama akatazama. Alimwangalia yule mwenye kichwa cha tembo, halafu akamwona mtoto wa shaba anayetambaa, amevaa kijoho cha njano.

"Na hii? Hii mtoto ya nani?"

"Yangu," akasema Mama Savita.

Mimi nilifumba macho. Nilisema moyoni, leo tumekwisha. Mwanajeshi akasema kwa sauti ya chini, "Funika yeye. Vumbi iko mingi." Akapiga ubavu wa lori kwa kiganja. "Haya, pita!"

Huko Kasese tukaishi miaka mingi kwa utulivu. Wana wawili wa nyumba ile walikua, wakaenda zao, mmoja ng'ambo, na mkubwa, Kiran, akafungua biashara Kampala. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikaendelea kufika kila asubuhi kabla jua halijapanda. Kisha Mama Savita akaanza kuchoka kwa moyo. Akafariki asubuhi moja akiwa amekaa jikoni na ungo wa mchele, anachambua. Nilikuwa nimempa mgongo. Nilisikia mchele ukimwagika.

Wakati wa matanga familia ya Kihindu haifanyi puja. Mandiri ilifungwa. Matanga yalipokwisha, Kiran alikaa na baba yake sebuleni, nami nikiwa napitisha chai niliwasikia.

"Baba, twende Kampala. Kule kuna hekalu kubwa, kuna maharaji," ndivyo wanavyomwita kuhani wao, "na mke wangu anaijua puja yote. Hapa nani atafanya?"

"Hapa ndipo mama yako alipofanya," akasema Mzee. "Niache kwanza."

Kesho yake nikapanga sinia kama kawaida. Sikujua nifanye nini kingine. Mzee akaja, funguo mkononi, akasimama pale pale mlangoni. Akangoja. Ndani hapakuwa na mtu. Akanigeukia.

"Mbambu," akasema, "washa taa."

"Mzee, mimi siwezi."

"Namna gani huwezi? Wewe umeona kila siku. Unajua kuliko mimi."

"Najua mahali pa kila kitu, Mzee. Lakini nikiishika ile taa mbele yao nitakuwa ninasali, na sala yangu mimi iko kanisani. Na nikiishika kwa mkono tu bila moyo, nitakuwa nimemdanganya Mama, na wewe, na Mungu pia."

Sikuwahi kumkatalia mwajiri neno, na mtu aliyefiwa hujui atakujibu nini. Mzee akaziweka funguo juu ya friji.

"Basi," akasema, "mimi nafanya nini?"

"Vua viatu, Mzee."

Hivyo ndivyo alivyoanza, mtu mwenye mvi kichwa kizima. Nilikaa kwenye kigoda nje ya kizingiti, yeye akakaa ndani sakafuni, na nilichokiona kwa Mama Savita nikamwambia. Ganesh kwanza, yeye ndiye anayefungua njia. Kengele mkono wa kushoto, taa mkono wa kulia. Taa inazunguka kama mshale wa saa, na kuizungusha huko mbele ya miungu huku ukiimba ndiko kunakoitwa arati. Yeye alizungusha kinyume, akazima diva kwa mkono wa shati, akaunguza ncha ya shati lenyewe. Tambi alizosokota zilikuwa nene kama kamba za mbuzi, zikatoa moshi tukakohoa wote wawili.

Maneno sikuwa nayo. Hayo yalikuwa ndani yake, lakini vipande vipande, kama aliyoyasikia kwa mama yake alipokuwa mtoto. Aliimba mstari, akakwama, akaanza upya. Siku ya tatu hivi alimpigia simu maharaji Kampala, akaiweka simu sakafuni ili sauti isikike.

"Maharaji, nimesahau nusu. Nikiruka maneno, si nimeiharibu?"

"Imba unayoyajua," ile sauti ikasema. "Mungu si karani wa forodha, ndugu yangu Jayantbhai. Hatakurudisha kwa sababu ya karatasi moja."

Mzee alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Chakula kilitupa shida nyingine. Alikuwa na tabia ya kupita jikoni na kuchovya kidole kwenye sufuria. Siku moja nimemaliza kupika wali wa maziwa kwa ajili ya puja, naye akachovya. Tulitazamana.

"Nimeharibu?"

"Umekula kabla ya mwenyewe, Mzee."

Nikapika tena. Yeye alisimama ameweka mikono nyuma mgongoni kama mtoto aliyekanywa, akaniuliza, "Savita alijuaje chumvi?" Nikamwambia habari ya kusikiliza sufuria. Akainama akasikiliza na yeye, na sikio lake lilikuwa karibu sana na mvuke. Nilipomtazama usoni niliona si mvuke peke yake.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nilisimama mlangoni tu. Sikujua humu ndani alikuwa anafanya nini. Nilidhani ni sala tu. Kumbe alikuwa anatunza nyumba."

Kilichomfungua mikono ni kitambaa. Vijoho vya yule mtoto wa shaba, alivyoshona Mama Savita, vilianza kuchakaa, na Mzee alipokuwa akimvika, kimoja kikachanika. Alikaa nacho kiganjani, akakigeuza, akakishika kwa vidole viwili. Jioni alirudi na kipande cha hariri ya buluu kutoka dukani. Alipima mgongo wa sanamu kwa kidole gumba, akakata, akashona mwenyewe kwa mkono barazani, miwani puani. Vile vidole vilivyoshindwa na tambi vilipita kwenye hariri bila kusita. Asubuhi alipomvika, alimvika taratibu, akanyoosha pindo, na arati siku hiyo aliiimba mpaka mwisho. Sikujua kama maneno yote yalikuwa sahihi. Hakusimama.

Mimi nami nilikuwa na langu. Habari zilifika kanisani kwamba nafundisha puja. Jumapili moja baada ya ibada Mchungaji wetu aliniita ofisini. Alikuwa kijana mwenye heshima, hakuinua sauti.

"Mama, watu wanasema unahudumia miungu."

"Namhudumia mzee mmoja, Mchungaji. Miungu anaihudumia yeye."

"Lakini unasafisha vyombo vyake. Unapika sadaka yake."

"Ndiyo. Ni kazi yangu."

"Na kama asubuhi moja akikuambia usali naye?"

"Alishaniambia. Nilikataa."

Akasema ananiamini, lakini wapo wanaokwazika, na kwa sasa niache uongozi wa chama cha akina mama na nisipike kwenye sherehe za kanisa, mpaka tutakapoelewana. Nilikubali. Nilitoka pale nikapita karibu na wenzangu waliokuwa wakiosha masufuria, masufuria ambayo mimi ndiye niliyeyanunua kwa michango, na hakuna aliyenipa la kushika. Tangu hapo nilikaa benchi la nyuma. Sikumweleza Mzee. Angejilaumu, na tena angeweza kuhamia Kampala kwa sababu yangu.

Miaka ikasogea. Mzee alikuwa sasa anafanya puja bila kuniuliza kitu. Funguo za duka alimwachia meneja, na yeye mwenyewe akawa anafika dukani amechelewa, harufu ya udi kwenye shati. Kisha akapatwa na kiharusi. Kilikuwa chepesi, daktari alisema, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Alirudi kutoka hospitali, na asubuhi ya kwanza akakaa mbele ya mandiri, akaishika diva, mkono ukapanda nusu ya njia ukaanguka. Samli ikamwagika kwenye hariri.

Aliitazama tu ile taa.

Nilikuwa kwenye kigoda changu nje ya kizingiti. Sikuwa nimewahi kukivuka puja ikiwa inaendelea. Nilifikiri habari ya Mchungaji, nilifikiri habari ya benchi la nyuma. Halafu nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikaingia, nikapiga magoti nyuma yake, nikakishika kiwiko chake kwa chini.

"Taa ni yako, Mzee, na maneno ni yako," nikamwambia. "Mimi nashika mkono wa mgonjwa."

Akaimba. Nilihisi wimbo kwenye mfupa wa mkono wake. Tuliendelea hivyo asubuhi nyingi, na sikuhisi kwamba nimemwacha Kristo wala kwamba nimemwibia Krishna. Nilihisi uzito wa mkono tu.

Kiran alikuja bila kupiga simu, ameendesha gari tangu alfajiri kutoka Fort Portal alikolala. Tulikuwa katikati ya arati. Nilisikia viatu vikivuliwa, nikajua si mgeni. Alisimama pale mlangoni alipozoea kusimama baba yake. Kisha akaingia, akachuchumaa kando yangu.

"Dada Mbambu," akanong'ona, "niachie."

Nikamwonyesha mahali pa kushika, chini ya kiwiko, si kwenye kifundo, kwa sababu kwenye kifundo taa hutikisika. Akashika. Mzee hakugeuka, lakini sauti ilimkatika kidogo, kisha ikaendelea, na Kiran, ambaye nilidhani hayajui yale maneno, akaanza kuyafuata kwa chini, nyuma ya baba yake kwa neno moja.

Safari hii Mzee alikubali kwenda. Alisema sasa si kwamba anahamishwa kama mzigo, anakwenda na sala yake mwenyewe. Tulifunga sanduku pamoja. Aliniomba niende nao Kampala, nami nikamwambia magoti yangu hayataki tena ngazi wala sakafu za watu. Nilikuwa nimejenga kijumba changu kwenye njia ya Mahango, na hapo ndipo nilipokwenda kustaafu. Nina kahawa kidogo, kuku, na mjukuu anayekuja likizo.

Wengi huniuliza kama niligeuka Mhindu. Sikugeuka. Huniuliza basi nilipata nini kwa miaka yote ile. Naweza kusema nilijifunza kwamba nyumba husali pia kwa namna inavyofagiliwa, na kwamba mtu akikuomba umsalie, wakati mwingine msaada mkubwa ni kukataa kisha ukakaa karibu. Lakini hayo nimeyaona baadaye, nikiwa nimekaa. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi.

Mwaka huu Kiran alinipigia simu. Mzee amelazwa tena, akasema, na anataka kuongea na mimi. Sauti ya Mzee ilikuwa nyembamba.

"Mbambu, mimi huku naomba kila siku kwa njia yangu. Wewe niombee kwa njia yako. Sijawahi kukuomba hiyo."

"Nitaomba, Mzee."

Jumapili, Mchungaji alipofika kwenye maombi ya wagonjwa, alitutazama kama kawaida aone nani ana jina la kutaja. Watu walisimama mmoja mmoja wakataja watu wao. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nikashika benchi la mbele yangu, nikainuka.

"Mzee Jayant," nikasema. "Yuko hospitali Kampala."

Vichwa viligeuka. Mchungaji alinitazama, nami sikuangalia chini.

"Tumwombee nini, Mama?"

"Mkono wake upate nguvu, Mchungaji. Na asiogope."

Alifumba macho. Akalitaja jina, taratibu, silabi kwa silabi ili asilikosee, akaomba kama alivyowaombea wale wengine, si kwa ufupi zaidi. Watu wakaitikia amina. Kwanza wachache, kisha kanisa zima.

Jumapili iliyofuata nilichelewa kidogo kwa ajili ya mvua, nikaingia maombi yameshaanza. Nilikuwa bado natafuta mahali pa kukaa nilipomsikia Mchungaji akiita kutoka mbele:

"Mama Mbambu, na Mzee Jayant wetu anaendeleaje?"